Mwenye kioo kidogo: Maisha ya Lord Kelvin, aliyeupima umeme chini ya bahari

Fundi wa stima akiitwa nyumbani, iwe ni Majengo au Kibokoni, kwanza hatoi koleo wala nyundo. Hutoa mita yake, akagusisha nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, kisha akautazama mshale. Mshale ukicheza, stima ipo. Ukilala, haipo, na hapo ndipo anapojua pa kuanzia kazi. Siku hizi mita nyingi hazina mshale, bali huandika tarakimu, lakini kazi yao ni ile ile: kuuliza waya una nini ndani yake. Maana umeme hauonekani wala haunuki, na mwenye kuujaribu kwa kidole huenda asipate nafasi ya kuwasimulia wenzake.

Chombo hicho kina ukoo mrefu, na babu yake anaitwa galvanometa. Jina latokana na Galvani, tabibu wa mji wa Bologna huko Italia, aliyeyaona mapaja ya chura yakishtuka kwa umeme. Lakini aliyefungua mlango hasa ni mwalimu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, ambaye mwaka 1820 aliona sindano ya dira ikigeuka kila alipopitisha umeme katika waya uliokuwa karibu nayo. Mwaka ule ule Mjerumani mmoja, Schweigger, akauzungusha waya mara nyingi kuizunguka sindano, na ile nguvu ndogo ikawa kubwa. Wengine wakafuata, wakaongeza hiki na kile. Ila mtu aliyekichukua chombo hiki kutoka meza ya mwalimu, akakipeleka baharini ndani ya jahazi linaloyumba, kikaamua mambo ya mamilioni ya fedha na ya dola kubwa, ni William Thomson, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Lord Kelvin. Huyo ndiye tunayemsimulia leo.

Alizaliwa tarehe 26 Juni, 1824, mjini Belfast, Ireland. Mamake alifariki William akiwa na miaka sita tu, na baba, James Thomson, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, akawalea watoto wake na kuwasomesha mwenyewe nyumbani. Baba huyu alipopata kazi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, jamaa yote ilihamia huko. William aliandikishwa chuoni humo mwaka 1834, umri wake miaka kumi. Msomaji asidhani ni kosa la mchapaji. Zama zile chuo kile kilipokea watoto wadogo wenye akili, lakini hata miongoni mwao huyu alikuwa wa ajabu.

Mwaka 1841 akaenda Cambridge. Huko alisoma hesabu, akapiga makasia hata akashinda mashindano, akapuliza tarumbeta, na mwaka 1845 akatoka wa pili katika mtihani mkuu wa hesabu, jambo ambalo wasimulizi wasema lilimshangaza sana, kwa kuwa alijua atakuwa wa kwanza. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, alipewa kiti cha profesa wa elimu ya maumbile pale pale Glasgow. Baba alikuwa amefanya juhudi kubwa ili mwanawe apate kiti hicho, na hakukaa sana kuifurahia kazi yake; kipindupindu kilimchukua mwanzoni mwa mwaka 1849. Mwana alikaa katika kiti kile kwa miaka 53. Cambridge walimtaka arudi, naye akakataa.

Sitayaeleza yote aliyoyafanya katika elimu ya joto, maana ni bahari nyingine. Yatosha kusema kwamba mwaka 1848 alitoa kipimo cha joto kinachoanzia pale ambapo baridi haiwezi kuzidi, na kipimo hicho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake.

Turudi kwenye waya. Katika miaka ya 1850 nyaya za simu za maandishi, yaani telegrafu, zilikuwa zimekwisha kutandazwa nchi kavu, na hata chini ya maji baina ya Uingereza na Ufaransa. Wafanyabiashara wakaingiwa na tamaa kubwa: kuunganisha Ireland na Amerika chini ya bahari ya Atlantiki, maili 2,000 za maji yenye kina cha pima 2,000 na zaidi. Kampuni iliundwa mwaka 1856 kwa mtaji wa pauni 350,000, na Thomson akawa mmoja wa wakurugenzi wake.

Palikuwa na shida ambayo wengi hawakuielewa. Waya wa baharini una shaba katikati, umevikwa utomvu mgumu wa mti wa Malaya uitwao gata-pacha, na nje yake ni maji ya chumvi. Umeme ukiingizwa upande mmoja hautokei upande wa pili papo hapo kwa nguvu ile ile. Ni kama kumimina maji katika mfereji mkavu wa mchanga: kwanza mchanga hunywa, kisha ndipo maji huanza kuchuruzika mwisho wa mfereji, polepole, na ukifunga huendelea kuchuruzika. Thomson alilipiga hesabu jambo hili tangu mwaka 1854, akaonyesha kwamba waya ukirefushwa mara mbili uzito wa kupitisha habari huongezeka mara nne. Dawa yake ilikuwa wazi: tumia shaba nene na safi, tumia umeme kidogo, na upande wa pili weka chombo chepesi cha kuhisi hata mnong'ono.

Lakini fundi mkuu wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa utabibu wa kupasua, aliipinga hesabu hiyo hadharani. Yeye aliamini kwamba umeme usipopita, dawa ni kuusukuma kwa nguvu zaidi. Na waya wenyewe ulikuwa umekwisha kuagizwa, mwembamba, kabla Thomson hajasikilizwa.

Alichoweza kukifanya ni kupima. Mwaka 1857 alikusanya vipande vya shaba kutoka viwandani, akavipitisha umeme kimoja kimoja, akakuta kwamba shaba ambazo kwa macho ni sawasawa zinatofautiana sana katika kupitisha umeme. Akashikilia kwamba shaba yote mpya ipimwe kwanza kabla ya kupokewa. Watengenezaji walinung'unika na kudai bei zaidi, lakini tangu siku hizo kupima kukawa sehemu ya biashara ya waya, na anayenunua waya dukani leo anakula matunda ya ubishi ule.

Sasa kuhusu kile chombo. Galvanometa za zamani zilikuwa na sindano nzito; umeme dhaifu haukuweza kuitikisa, na ikitikisika ilichukua muda kutulia. Wajerumani walikuwa wamekwisha kubandika kioo juu ya sumaku ili nuru ionyeshe mwendo wake, lakini sumaku yao ilikuwa kubwa. Thomson alikifanya kila kitu kuwa chepesi kupita kiasi. Alichukua kioo kidogo kama kigamba cha samaki, nyuma yake akabandika vipande vya chuma cha kamani ya saa vilivyotiwa sumaku, akakitundika kwa uzi mmoja wa hariri katikati ya koili ya waya mwembamba. Mbele akaweka taa. Nuru ya taa hupiga kioo na kurudi juu ya ubao wenye vipimo, ikawa doa la mwanga. Kioo kikigeuka kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, doa hukimbia ubaoni, kwa sababu mwali wa nuru umekuwa mshale mrefu usio na uzito wowote. Doa likienda kushoto ni alama moja, likienda kulia ni alama nyingine, na kwa alama hizo mbili huandikwa herufi zote. Inasemekana fikra ilimjia alipoona nuru ikicheza kutoka miwani yake. Huenda ni hadithi tu.

Mwaka 1857 waya ulikatika baharini, ukazama. Mwaka 1858 wakajaribu tena. Whitehouse alidai kuwa afya yake haimruhusu kusafiri, basi Thomson akaenda kwa niaba yake katika manowari ya Agamemnon, bila mshahara. Mwezi wa Juni walikutana na tufani iliyokaribia kuizamisha manowari hiyo. Makaa ya mawe yalihama kutoka mahali pake na mabaharia wakaumia. Tarehe 29 Julai, katikati ya Atlantiki, waya wa Agamemnon uliunganishwa na wa Niagara, meli ya Wamarekani, na kila moja ikaelekea kwao, waya ukiteremka nyuma yake. Thomson alikaa katika chumba cha giza akilitazama doa la nuru. Usiku wa kwanza alama zilipotea. Watu walisimama kimya, hakuna la kufanya, kwani waya uko chini ya maji na hakuna mkono unaoufikia. Baadaye doa likarudi.

Tarehe 5 Agosti nchi mbili ziliunganishwa. New York walifurahi hata fataki zao zikaichoma paa ya jumba la manispaa. Lakini pale Valentia, Ireland, Whitehouse alitwaa mamlaka, akaweka vyombo vyake vyenye koili za urefu wa futi tano, akausukuma umeme wa volti zipatazo 2,000 ndani ya waya ule dhaifu. Vyombo vyake vya kupokea havikufaa kitu. Habari zilisomwa kwa kioo cha Thomson, kisha zikaandikwa kana kwamba zimepokewa na mashine za Whitehouse. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Na kila siku waya ulizidi kudhoofika. Mwanzoni mwa Septemba ukanyamaza.

Kabla haujafa ulifanya kazi moja iliyolipa. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeamuru vikosi viwili vya askari waondoke Kanada kwenda India. Uasi wa India ulipokwisha, amri ya kuvizuia ilipita katika waya na kuokoa pauni zipatazo 50,000.

Whitehouse alifukuzwa kazi. Mwanzoni Thomson mwenyewe alijaribu kumtetea kwa wakurugenzi, jambo linaloonyesha upole wa tabia yake. Na kwa kweli si haki kumtwisha mtu mmoja mzigo wote: waya ulitengenezwa kwa haraka, ukaachwa juani mpaka gata-pacha ikalainika, na mahali pengine shaba haikukaa katikati. Lakini mgonjwa mahututi hapigwi rungu, na volti 2,000 zilikuwa rungu.

Serikali na kampuni wakaunda kamati ya uchunguzi, na maoni ya Thomson yakashinda. Mwaka 1861, kwa pendekezo lake, wataalamu wa Uingereza walianza kazi ya kuweka vipimo vya umeme vya namna moja, ili fundi wa London na wa Bombay wakisema kiasi fulani wawe wanasema kitu kimoja. Kutokana na kazi hiyo na nyinginezo, mkutano wa Paris wa mwaka 1881 ulikubali ohm, volti na ampea, yale yale maneno yaliyoandikwa juu ya mita ya fundi wetu wa Majengo.

Mwaka 1865 meli kubwa kuliko zote duniani, Great Eastern, ilibeba waya mpya, mnene. Safari hii galvanometa ilikuwa ikilinda usiku na mchana. Doa liliporuka kutoka ubaoni, meli ilisimamishwa na waya ukarudishwa juu, na wakaona kipande cha chuma kimepenya mpaka kwenye shaba. Jambo likatokea tena, hata wakashuku kuwa kuna mwenye hila melini. Kisha, baada ya maili 1,200, waya ukakatika. Mwaka 1866 wakarudi, wakafika Newfoundland tarehe 27 Julai, na juu ya hayo wakauopoa ule wa mwaka uliotangulia kutoka shimo la bahari, wakaumalizia. Sasa nyaya zilikuwa mbili. Fundi Latimer Clark akaziunganisha kwa upande wa Amerika zikawa mzunguko mmoja wa maili zaidi ya 3,000, kisha pale Valentia akatengeneza betri ndani ya subana, kile kikofia cha fedha anachovaa mshonaji kidoleni, akatia matone machache ya asidi na kipande cha zinki. Umeme wa subana ukaenda Amerika na kurudi, na kioo kikauona. Hapo ubishi wa miaka kumi ulikwisha.

Thomson alipewa cheo cha Sir mwaka huo, na hataza zake zikamtajirisha. Mwaka 1867 alivumbua chombo cha kuandika alama kwa wino: koili nyepesi baina ya sumaku kali, nayo inavuta mrija wa kioo unaotemea wino juu ya utepe wa karatasi bila kuugusa. Koili ile inayocheza ndani ya sumaku ndiyo mpango uliotumika baadaye katika mita nyingi za mshale, ikiwamo ile maarufu ya AVO iliyotoka Uingereza mwaka 1923, ambayo mafundi wa zamani wa Mombasa waliibeba katika sanduku lake zito jeusi.

Nasi watu wa pwani, je? Waya ulitufikia mwaka 1879, enzi ya Sayyid Barghash, kutoka Aden hadi Unguja, kisha Msumbiji mpaka Durban. Haukuletwa kwa ajili yetu. Mwezi wa Januari mwaka huo Wazulu waliwashinda Waingereza pale Isandlwana, na habari ilichukua siku 20 kufika London. Baada ya hapo serikali yao haikutaka tena kungoja meli. Mombasa iliunganishwa na Unguja mwaka 1890. Na mwezi wa Agosti 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme, balozi wa Kiingereza aliuliza London kwa waya kama aruhusiwe kutumia nguvu, na idhini ikaja kwa waya. Tarehe 27 jumba likapigwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu mamia wakauawa au kujeruhiwa. Wazee walikuwa na sababu ya kuutazama waya ule kwa jicho la mashaka.

Nyaya zinazotua Mombasa sasa, kama ule wa TEAMS ulioletwa kutoka Fujairah mwaka 2009, hupitisha nuru badala ya umeme. Ukikatika, fundi hutuma mmweko wa nuru na kupima muda wa kurudi kwake, akajua ni kilomita ngapi. Zamani alipima uzito wa shaba kwa ohm, akagawanya kwa maili, akaielekeza meli mahali pa kuopoa.

Bahari ilimwingia Thomson moyoni. Mkewe wa kwanza, Margaret, aliyekuwa mgonjwa miaka mingi, alifariki mwaka 1870, naye akanunua jahazi la tani 126 liitwalo Lalla Rookh. Mwaka 1873, akiwa safarini kutandaza waya wa Brazil, hitilafu iliwakalisha siku 16 katika kisiwa cha Madeira, akazoeana na jamaa ya bwana mmoja Blandy, akawafunza mabinti wa nyumba ile kutuma habari kwa taa. Mwaka uliofuata alirudi na jahazi lake, na kutoka baharini akatuma posa kwa ishara. Fanny Blandy akajibu kwa ishara kuwa amekubali.

Manahodha wetu watapenda zaidi habari ya dira yake. Meli za chuma zilikuwa zikiipotosha dira, na dira nzito za zamani zilitikisika ovyo katika mawimbi. Alitengeneza kadi nyepesi iliyofumwa kwa nyuzi za hariri na sindano nane ndogo, akaweka mipira ya chuma kando yake ili kuusawazisha uvutano wa meli. Jeshi la majini la Uingereza lilisitasita mpaka mwaka 1889 ndipo likaikubali rasmi. Akatengeneza pia bildi ya waya wa piano, inayopima kina bila meli kusimama. Na mashine ya magurudumu inayokadiria maji kujaa na kupwa. Mvuvi wa Lamu hujua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi. Mashine hii ilichukua mwendo wa mwezi na wa jua, ikaujumlisha kwa kamba moja inayopita juu ya magurudumu, ikachora maji ya mwaka mzima wa bandari kwa saa chache. Mashine za ukoo huo zilitumika hadi kompyuta zilipozipokonya kazi katika miaka ya 1960.

Alikosea pia, na alikosea kwa ukaidi. Kwa hesabu ya joto alishikilia kuwa umri wa dunia hauzidi miaka milioni mia moja hivi, na wanajiolojia walipobisha hakuwasikiliza. Sasa yajulikana ni zaidi ya miaka bilioni nne. Hakuamini kuwa ndege zitaruka. Yule aliyekuwa kijana akipingwa na wakubwa wasiotaka hesabu, alipozeeka naye akawa mkubwa anayewazibia njia vijana.

Mwaka 1892 alifanywa Lord, akachagua jina la Kelvin, mto mdogo unaopita karibu na chuo chake. Mwaka 1899 aliacha uprofesa, na papo hapo akajiandikisha upya katika chuo kile kile kama mwanafunzi wa utafiti, akiwa na miaka 75. Alichechemea tangu alipovunjika mguu akicheza juu ya barafu zaidi ya miaka 35 kabla, lakini hakuacha kusafiri wala kuandika. Makala zake zapita 600.

Alifariki nyumbani kwake Largs, pwani ya Scotland, tarehe 17 Desemba, 1907. Hakuacha mtoto. Alizikwa London katika Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton, na vyombo vyake, pamoja na galvanometa za kioo, vimehifadhiwa katika makumbusho ya chuo chake Glasgow.